Mlinzi Mwenye Mbonyeo

Kuna watu wakiona vumbi juu ya meza hawatulii mpaka walifute, na kuna watu wakisikia bomba linadondosha maji hawapati usingizi. Ugonjwa wa Fundi Nyoosha ulikuwa mibonyeo. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akinyoosha bodi za magari katika gereji ile ile, chini ya paa la bati lile lile, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kutafuta mahali chuma kilipoingia ndani hata pale ambapo hakuna aliyemwomba. Akipita kando ya gari la mtu lililoegeshwa, kiganja kilikwenda chenyewe mlangoni. Akikaa kwenye kiti cha bati hospitalini, alikisukumasukuma kwa kidole gumba huku akisubiri kuitwa, na alipoitwa kumwona daktari, kiti kilikuwa kimeshapona kabla yake.

Nyumbani walikuwa wameteseka vya kutosha. Mkewe alikuwa na birika la zamani lenye mbonyeo ubavuni, na mbonyeo huo ndio uliokuwa kipimo chake: maji yakifika pale, anatia majani vijiko viwili, basi. Siku moja Nyoosha akalikuta birika limeachwa peke yake jikoni. Familia ikanywa chai nyepesi wiki nzima kabla mwenye birika hajagundua kilichotokea. Alipogundua, hakugombana. Alichukua mchi, akaligonga birika mahali pale pale, akapima maji, akaridhika. Tangu siku hiyo birika lilikaa kabatini na ufunguo ulikaa kwake.

Ndiyo maana majirani hawakuelewa habari ya pikapu. Pikapu ya Nyoosha mwenyewe, ya bluu, ile aliyokuwa akiiendesha kila siku mbele ya macho ya wateja, ilikuwa na mbonyeo mkubwa kwenye mlango wa kushoto, na ulikuwa pale kwa miaka kumi na minne.

"Fundi, mbona lako hulinyooshi?" waliuliza.

"Sina nafasi," alijibu, na walimcheka mpaka wakachoka.

Basi, huyu Nyoosha alikuwa na binti mmoja, mpima ardhi, na baba na binti walikuwa na ulevi wao: tamthilia iitwayo Ngome ya Saba. Kila Ijumaa mchana gereji ilipofungwa mapema, walikaa kwenye kochi moja, sahani ya karanga katikati, wakaitazama. Mwanzoni Nyoosha alidhihaki. Alisema ni watu wazima waliovaa masufuria. Lakini kufikia sehemu ya nne alikuwa ameshanaswa, na kazi yake ikawa kuwakosoa mafundi wa ngome. "Angalia bega la yule," alisema. "Aliyelinyoosha alikuwa na haraka ya kwenda kwao."

Binti hakuishia kutazama. Alijiunga na kundi la mashabiki liitwalo Kikosi, watu wa miji mbalimbali waliokutana kwenye simu, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza deraya, yaani mavazi ya vita ya askari wa ngome, zifanane kabisa na zile za kwenye tamthilia. Kabisa maana yake ni kabisa, hadi idadi ya mishono. Yeye alitengeneza ya Kamanda, kwa miezi mitano, na Kikosi kikaipitisha. Mara moja kwa mwaka walikodi ukumbi wa maonyesho, na waliopitishwa waliandamana kwa mstari mbele ya umati. Ambaye hajapitishwa alikaa kwenye viti na watazamaji, hata kama amevaa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni.

Mwaka huo binti akapata kazi katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili. Alitakiwa kwenda kwanza kwenye mafunzo ya mwezi mmoja na nusu, arudi Jumamosi ya maandamano, na Jumapili aondoke moja kwa moja. Siku aliyokuwa anafunga mizigo ya mafunzo alimwambia baba yake, bila kumtazama, "Baba, ningependa siku ile tutembee wote. Mimi na wewe."

"Mimi nivae nini?"

"Mlinzi wa Mlango wa Nyuma. Baba, yule ni wewe. Hata anavyosimama."

Mlinzi wa Mlango wa Nyuma hakuwa na jina wala neno la kusema. Katika tamthilia nzima alionekana kwa sekunde arobaini na moja. Kazi yake ilikuwa kushikilia mlango wazi ili Kamanda atoke salama, kisha mlango unafungwa na haonekani tena. Alikuwa pia askari pekee mwenye kitambi katika ngome yote. Nyoosha alijifanya kuudhika. Binti alipoondoka alisimama mbele ya kioo cha kabati, akageuka ubavu, akashusha pumzi, akakubali kwamba mtoto hakukosea.

Akajiunga na Kikosi. Walimpokea vizuri, ingawa mwanzo wake na mtu aliyejiita Bwana Sponji haukuwa mwema. Bwana Sponji alimshauri atumie sponji ngumu, inakatwa kwa kisu, inapakwa rangi, haina uzito.

"Mlinzi alivaa sponji?" Nyoosha aliuliza.

"Mwigizaji alivaa sponji, mzee. Wote walivaa sponji."

Nyoosha aliweka simu chini. Miaka minne amekuwa akiwakosoa mafundi wa sponji. Kesho yake aliandika kwamba yeye hamvai mwigizaji, anamvaa Mlinzi, na Mlinzi ni mtu wa chuma, na mjadala umefungwa. Kikosi kikampenda kuanzia hapo.

Msaada ulimiminika. Kulikuwa na Mama Vifungo, ambaye hakuna kishikizo cha mkanda asichokijua katika ngome ile. Alimtumia kifurushi cha vishikizo sita kwa basi, pamoja na barua ya kurasa mbili kuhusu upande ambao kila kimoja kinatakiwa kulalia. Kulikuwa na mabishano ya siku tatu kuhusu rangi ya joho la ndani, kama ni kijivu au ni kahawia iliyolowa. Mke wa Nyoosha, aliyepewa kazi ya kulishona, aliwasikiliza siku zote tatu simu ikiwa kwenye spika huku akichambua mchele. Mwisho akasema, "Hiyo ni nyeusi iliyofuliwa mara nyingi." Wakarudi kuangalia picha, wakakuta ndivyo, na kesho yake akaombwa aingie kamati ya vitambaa. Alikubali, na kwa siku kadhaa alikuwa hashikiki.

Halafu kulikuwa na Jicho. Jicho ndiye mkaguzi. Bila yeye hapiti mtu. Hakuwa na maneno mengi, alikuwa na swali moja tu: "Picha iko wapi?" Nyoosha alitia misumari mitatu kwenye bega. Picha iko wapi? Picha ilionyesha miwili. Akaweka kijimfuko cha miwani yake ndani ya mkanda, mahali ambapo hakuna kiumbe angekiona. Picha iko wapi? Akakitoa. Walimwogopa wote, na hakuna aliyewahi kumwona.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Nyoosha alimaliza. Alipiga picha kumi na mbili mbele ya gereji, mbele, nyuma, na kila ubavu. Deraya iling'aa. Ungeweza kunyolea ndevu kwenye kifua chake. Jibu la Jicho lilikuja kabla chai haijapoa. Kofia imepita. Mabega yamepita. Mikanda, joho, viatu, vyote vimepita. Bamba la kifua limekataliwa.

"Ubavu wa kushoto," Jicho aliandika. "Mbonyeo uko wapi?"

Sasa Nyoosha alikuwa ameuona mbonyeo ule. Aliuona siku ya kwanza kabisa. Ulikuwa chini ya titi la kushoto la Mlinzi, wa kiganja kimoja na nusu, na ulimkera. Aliuchukulia kuwa uzembe wa waliotengeneza tamthilia, na kwa ungwana wake wa kazi akawanyooshea bila kuwadai.

"Huo si sehemu ya Mlinzi," alijitetea. "Hiyo ni ajali."

"Picha ninayo," Jicho alijibu.

Haya, mbonyeo. Kwa mtu ambaye ameondoa maelfu, kutengeneza mmoja ni nini? Alichukua nyundo, akalilaza bamba juu ya gurudumu kuukuu, akafumba macho, akapiga. Mbonyeo ukaingia. Akalitundika ukutani akisubiri mwanga mzuri wa picha. Akaja mteja mwenye mazungumzo marefu kuhusu shemeji yake, na Nyoosha akawa anamsikiliza, anaitikia, anasikitika panapostahili. Mteja alipoondoka, Nyoosha alijikuta ameshika bamba mikononi, na ubavu wa kushoto ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga.

Akaupiga tena. Ukadumu hadi wakati wa chakula cha mchana.

Mara ya tatu alimwita mkewe apige picha papo hapo, nyundo ikiwa bado hewani. Picha ikatumwa. Jicho akachukua muda mrefu, kisha akaandika: "Mbonyeo huu ni nadhifu. Umepigwa na mtu aliyejuta."

Kikosi kizima kililiona jibu lile na kikacheka. Nyoosha hakucheka. Zilibaki siku tisa, na mtoto wake alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza mambo yanaendaje, naye anasema yanaenda vizuri. Alishaanza kujiona amekaa kwenye kiti cha plastiki na watazamaji, amevaa chuma chake, anampungia mkono Kamanda anayepita peke yake. Picha hiyo ilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Akafanya kile ambacho angepaswa kufanya tangu mwanzo. Alikaa juu ya debe la puti ya kuzibia mibonyeo, akaomba picha kubwa kabisa ya ubavu ule, akaisoma kama anavyosoma gari lililoletwa na mtu asiyetaka kusema ukweli. Kisha akatuma ujumbe wa sauti kwa Kikosi.

"Vijana, mnasema Mlinzi alipigwa upanga. Hapana. Huu mbonyeo haukupigwa, umesukumwa. Ni uzito mkubwa, pole pole, ukakutana na kona ya nguzo. Angalieni ule mkunjo wa chini, unapanda kuelekea nyuma. Halafu kuna mkwaruzo wa pili, mwembamba, unaorudi kinyume. Aliyefanya hivi alishtuka, akarudi nyuma. Hakuna nyundo inayoweza kutengeneza kitu hicho. Kwanza hakujua anachokifanya, na pili alikuwa na hofu."

Simu ilitaka kupasuka. Bwana Sponji alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho maishani. Mama Vifungo alitaka mjadala mpya ufunguliwe siku hiyo hiyo. Mtu mmoja akauliza, "Mzee, umejuaje yote hayo?"

Nyoosha alianza kujibu, kidole kikasimama. Nguzo. Mkunjo wa kupanda. Mkwaruzo wa kurudi. Aliinua uso akatazama nje, ambako pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye jua, ubavu wa kushoto ukimwelekea.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa ameingia dukani kununua boliti, akamwacha binti ndani ya pikapu, ana miaka tisa, amekalia mto ili aone mbele. Funguo zilibaki. Mtoto alikuwa amemtazama baba yake akiendesha kwa muda mrefu, akaona haina ugumu. Aliwasha, akaingiza gia, pikapu ikajivuta hatua nne na kuusukumiza mlango kwenye nguzo ya geti la watu. Nyoosha alipotoka mbio na boliti zake, gari lilikuwa limeshajiondoa kwenye nguzo na mtoto amesimama kando, analia kwa kwikwi. Nyoosha aliutazama mlango, akamtazama mtoto.

"Gia ya kurudi nyuma umeipata mwenyewe?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

Nyoosha alilazimika kugeuka na kujifanya anakagua tairi, maana uso wake haukuwa wa baba aliyekasirika. Watu wazima aliowafahamu walichukua mwezi mzima kuipata ile gia. Mlango ule hakuunyoosha siku ile, wala kesho yake, na baadaye akagundua kwamba hataki.

Alichukua kipimo. Kiganja kimoja na nusu. Hata mpindo wa mlango ulikuwa wa kitambi.

Mkewe alimkuta ameshika mashine ya kukatia chuma, haijawashwa, amesimama mbele ya pikapu.

"Si mlango huo ulisema huna nafasi nao?" mke akauliza.

"Nafasi imepatikana."

"Ukiukata, haurudi."

"Najua." Alikohoa kidogo. "Na yeye anaondoka, mama. Sijui nishike kipi."

Mkewe aliuangalia mlango, akamwangalia na yeye. "Yeye atarudi likizo," alisema. "Kata."

Akakata. Kisha ikaja kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe: kukipinda chuma, kukiviringisha, kukikwangua rangi ya bluu, kukilainisha kila mahali, lakini kuuzunguka mbonyeo bila kuugusa. Aliufunika kwa karatasi ya gundi, juu yake akaandika kwa herufi kubwa USIGUSE, na saa hiyo hiyo akashuhudia mkono wake ukijaribu kuibandua. Mkewe akaona mambo haya hayawezekani bila ulinzi. Alileta kigoda na ule mchi wa birika, akakaa pembeni siku tatu akifanya hesabu za kamati ya vitambaa, yaani mita za joho la kila askari. Vidole vya Nyoosha vikikaribia gundi, mchi unagonga meza. Siku ya pili aliacha kugonga meza, akahamia vidoleni.

Jumamosi asubuhi walipakia deraya mbili na kwenda ukumbini kwa pikapu yenye mlango wa mbao. Jicho alikuwa ameandika kwamba bamba atalikagua kwa macho yake mwenyewe, na pale mlangoni wakamkuta: mama mfupi mwenye miwani minene, ambaye siku za kazi hukagua vitambaa kiwandani. Alimsalimia Nyoosha kwa heshima zote, akamzunguka, akawasha tochi, akapiga goti. Alikaa hapo muda ambao Nyoosha aliusali wote. Kikosi kilikuwa kimejipanga nyuma, hata Bwana Sponji, aliyekuwa kijana mwembamba mwenye jasho jingi licha ya sponji yake.

"Mkunjo wa kupanda upo," Jicho akasema, kama anayejisomea. "Mkwaruzo wa kurudi upo. Fundi, umetumia kifaa gani?"

"Pikapu," Nyoosha akasema.

Hapo ndipo binti alipoingia, ameshuka kwenye basi sasa hivi, begi begani. Alimwamkia mama yake, akamwamkia baba yake, na katikati ya kuamkia akauona ubavu wa kushoto. Alinyoosha mkono akapitisha kidole kwenye mkwaruzo ule mwembamba, taratibu, hadi mwisho wake.

"Baba," alisema. "Huu ni mlango."

"Ndiyo."

"Uliniambia hujapata nafasi ya kuunyoosha."

"Sijapata," Nyoosha akasema. "Na sitapata."

Binti aliinamisha kichwa kwenye chuma na kukaa hivyo. Mama yake alimkumbusha kwamba Kamanda ana vishikizo kumi na vinane vya kufunga na saa inakwenda. Jicho akasimama, akapangusa magoti, akaandika kwenye daftari lake neno moja, na Kikosi kikapiga makofi kama ngome imeokolewa.

Wakajipanga. Kamanda mbele, Mlinzi ubavuni kwake, milango mikubwa mbele yao, na nyuma ya milango umati unasikika. Nyoosha aliogopa. Hakuwa ametegemea kuogopa. Akawaza habari ya kesho, ya basi, ya kochi la Ijumaa lenye mtu mmoja na karanga za watu wawili, na bila habari, kidole gumba chake cha kulia kikaanza kupenya chini ya bamba, kikitafuta mahali chuma kilipoingia ndani.

Binti alikiona. Akaukamata mkono wote, akautoa, akaushika na kuufumbata.

"Samahani," ikasikika sauti ya Jicho nyuma yao. Alikuwa akipita mstari kwa mara ya mwisho na daftari lake. Alisimama akaitazama ile mikono miwili. "Kamanda na Mlinzi hawashikani mikono. Hakuna sehemu yoyote wanaposhikana mikono. Picha iko wapi?"

"Nikimwachia ataunyoosha," binti akasema.

Jicho alimtazama Nyoosha, akamtazama binti, akautazama mbonyeo. Kisha akavua miwani yake minene, akaanza kuipangusa na ncha ya blauzi, bila haraka yoyote.

"Nikiivua hii mimi sioni kitu," alisema. "Nendeni."

Milango ikafunguliwa, na bado alikuwa anaipangusa.